Maneno Niliyoyaficha Ndani ya Barua ya Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimedhulumiwa tena. Naandika haya kabla hata sijavua viatu.

Kila Alhamisi kampuni yetu ya milango na madirisha huwatumia wateja elfu moja na mia tatu barua pepe. Mlango wa wiki, ushauri kuhusu bawaba, picha ya dirisha likiwa wazi, picha ya dirisha likiwa limefungwa. Barua hiyo naitunga mimi. Naipanga mimi. Rangi ya kichwa chake ilininyima raha siku nne. Asubuhi Mkurugenzi amepita mezani kwetu, simu mkononi, akasema barua ya wiki iliyopita ilipendeza mno. Akamtazama Mtaalamu. Akampongeza Mtaalamu! Naye akainamisha kichwa kama bibi harusi.

Mtaalamu ni jirani yangu wa meza. Jina hilo alilipata siku ya kwanza, alipoingia na vyeti saba na nyundo ya kuvitundikia. Kazi yake kwenye barua ni kubonyeza kitufe cha kutuma. Basi.

Na huyo Mkurugenzi mwenyewe hata haioni barua inavyotakiwa kuonekana. Macho yanamsumbua, hivyo simu yake ameigeuza nyeusi: ukurasa mweusi, herufi nyeupe. Ukurasa wangu mweupe, niliouchagua kwa mapenzi, kwake unatokea mweusi tii. Nimewahi kumweleza. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo anavyoona vizuri, na wala hapitwi na kitu.

Nafasi ya Mkuu wa Kitengo cha Mtandao iko wazi. Usaili ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 15. Waombaji ni wawili: mimi na vile vyeti saba.

Kuna jambo jingine, na hili naliandika kwa herufi ndogo. Baba wa mchumba wangu anaamini kwamba tayari mimi ndiye Mkuu wa Kitengo. Nilimwambia mwenyewe mwezi uliopita. Ulimi uliteleza, halafu nikaona aibu kuurudisha.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata dawa!

Barua zetu huandikwa kwa HTML. Yaani ni maneno ya kawaida yaliyozungukwa na alama za kuiamuru kompyuta: hapa nenepesha herufi, hapa weka picha. Sasa, kuna alama fulani ambazo ukiandika maneno katikati yake, kompyuta huyaruka kana kwamba hayapo. Tunaziita komenti. Mafundi huzitumia kuachiana maagizo, usiguse hapa, rekebisha pale. Mteja haoni hata nukta. Lakini maneno yamo mle ndani ya barua, kwa wateja wote elfu moja na mia tatu.

Nimeandika komenti yangu ya kwanza, chini kidogo ya mlango wa wiki: "Barua hii imetungwa, imepangwa na kutiwa rangi na mimi peke yangu, Mkuu wa Kitengo kwa haki, ingawa bado si kwa barua. Mtaalamu amebonyeza kitufe." Nikatia jina langu kamili na namba ya meza yangu. Sitaki sifa zangu zipotee njiani.

Mpango ni huu. Siku ya usaili nitamwomba Mkurugenzi afungue msimbo wa barua, yaani maandishi yake pamoja na alama zote, na hapo ataukuta ushahidi umelala unamsubiri. Mtaalamu atatafuta pa kuuficha uso. Nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kufanya hivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Barua imekwenda. Mtaalamu ameituma kwa kidole chake mwenyewe, na ndani yake nimemsema. Nilibana kicheko mpaka nikajifanya nakohoa. Akaniuliza kama nataka maji.

Nakiri kwamba sikuishia kwenye komenti moja. Ni utamu wa ajabu, kusema jambo mbele ya watu elfu moja na mia tatu bila kusikika. Baada ya ushauri wa bawaba nimeandika: "Vyeti saba, na vyote ni vya mafunzo ya siku mbili mbili." Chini ya picha ya dirisha: "Mkurugenzi akipanda ngazi huhema, halafu anasimama na kusema anatafakari." Zote nimezitia jina. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nina heshima na kazi yangu.

Tena sina haja ya kuziandika upya. Kwetu barua ya wiki mpya hutengenezwa kwa kunakili ya wiki iliyopita na kubadilisha maneno. Kwa hiyo komenti zangu zitakuwa zinasafiri zenyewe, wiki baada ya wiki, na mimi naongeza tu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kumsalimu baba mkwe. Nasema mkwe, ingawa hajakubali bado. Ndiyo shida yenyewe.

Mzee huyu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Miaka thelathini na mmoja akisoma vitabu kabla havijachapwa, kalamu nyekundu mkononi, akiwinda makosa. Kiwanda kilipofungwa alipewa kompyuta yake aondoke nayo, na mpaka leo anaitumia. Ni kubwa kama kabati na inanguruma. Mchumba wangu, ambaye anafundisha hisabati na hacheki ovyo, ameketi baina yetu kama refa.

Mzee ameniambia kwamba barua yangu ya Alhamisi, inayomfikia kwenye kompyuta hiyo, anaisoma yote, mstari kwa mstari, kwa rula, pamoja na maneno ya pembeni. Nadhani alimaanisha yale yaliyo chini ya picha. Nimemshukuru. Akaniuliza yule kijana wa vyeti hajambo. Nikajua binti yake amemsimulia. Halafu akataka kujua kama ngazi za ofisini kwetu ni ndefu sana. Nikamjibu kwamba ni za kawaida. Uzee tu, maskini, mawazo yanaruka huku na huku.

Kisha akaweka kikombe chini. Akasema ya mdomoni ameyasikia na hana neno, ila yeye ameishi kwa karatasi na anaamini karatasi. Anataka kuiona barua ya uteuzi wangu. Niilete Jumamosi ijayo, tarehe 16, ndipo tupange siku ya harusi. Bila barua, hakuna siku.

Nikamwambia iko kwenye droo kazini. Mchumba wangu akatazama dari kwa muda mrefu kuliko dari ile inavyostahili.

Usaili Ijumaa, barua Jumamosi. Na jambo la mwisho, si kwamba nina choyo: tulikuwa watu watatu, na kwenye sahani zilikuwapo biskuti mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Siku nne zimebaki. Nimeanza kumlainisha Mkurugenzi.

Nilimvizia mlangoni saa mbili kasorobo, nikaupokea mkoba wake ili nimpandishie. Sikujua kwamba ndani kuna sampuli za vitasa vya shaba. Ghorofa ya pili nikawa naona nyota. Yeye akasimama kupumzika, akasema anatafakari. Mimi nikasimama pia, nimeegemea ukuta. Ghorofa ya tatu akaupokea mkoba wake na kunishika kiwiko, tukaingia ofisini yeye ndiye akiniongoza. Mtaalamu akakimbia kuniletea kiti. Halafu akaanza kunipepea na cheti.

Cheti cha nane. Amekitundika leo. Kinahusu mafunzo ya kusimamia watu.

Jumatano, 13 Machi

Nimeandaa barua ya kesho. Mlango wa wiki ni wa chuma, wenye kitundu cha kuchungulia anayebisha. Nimeeleza faida zake vizuri sana, naona aibu kujisifu.

Komenti za zamani zimo kama nilivyotabiri. Nimeongeza kuhusu ule mkoba wa vitasa. Nimeongeza kuhusu cheti cha nane. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umejaa, nimemwandika na mzee: "Baba mkwe wangu ni mkali kuliko bawaba kavu. Anataka barua, barua, barua. Na anatoa biskuti mbili kwa watu watatu."

Halafu nikakaa. Ofisi ilikuwa kimya, Mtaalamu amekwenda kula. Nikaandika nyingine, sijui kwa nini, mwisho kabisa wa barua, chini ya anwani yetu: "Ijumaa wakinipa nafasi hii, Jumamosi nitavaa shati la bluu nililolinunua kwa ajili ya mchumba wangu. Wasiponipa, sijui nitamwambia nini. Sina mwingine kama yeye na sitampata." Ile nayo nikaitia jina, kwa mazoea.

Alhamisi, 14 Machi

Imekwenda. Kidole ni kilekile cha Mtaalamu.

Kesho saa nne ni zamu yangu. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Mama Mkurugenzi, naomba ufungue msimbo. Nimelisema kwa sauti nzito, nikalisema kwa sauti laini. Laini ni bora. Lakini baadaye, nikipiga pasi shati, nikakumbuka kwamba akifungua kuona komenti ya kwanza, ataziona na nyingine. Pamoja na ile ya kuhema. Nikakaa kitandani, pasi mkononi.

Nimebadilisha mpango. Sitamwomba afungue kitu chochote. Hakuna anayejua, hakuna atakayejua. Nitajieleza kama watu wengine.

Ijumaa, 15 Machi

Nilipoingia saa nne, kiti cha usaili kilikuwa na mtu.

Baba mkwe! Amevaa koti, faili mapajani, kalamu nyekundu mfukoni. Alinisalimu kwa upole akaeleza kwamba, kwa kuwa barua ya uteuzi inaelekea ni nzito kubeba, ameona aje yeye aifuate. Mkurugenzi alikuwa nyuma ya meza, mkono mmoja umefunika mdomo. Juu ya meza zilitandazwa karatasi, zimejaa wino mwekundu.

Sasa naelewa. Ile kompyuta yake kongwe haijui kuficha. Barua zangu inazimwaga kama zilivyo, alama zote, msimbo wote, komenti zote. Na mzee hakuona ajabu. Kiwandani kwao pia waliandika pembeni alama za kumwelekeza mpanga herufi, hapa nenepesha, hapa acha nafasi. Alidhani nasi tunafanya kazi kwa heshima kama wao. Amechapisha barua zote mbili, amezisahihisha, na ameleta nakala kwa mwajiri wangu kama msaada.

Nilitamani sakafu inimeze. Haikunimeza, ni ya zege.

Mtaalamu akaitwa. Zikasomwa moja moja, na mzee ndiye msomaji, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusomeana kurasa na wenzake. Ilipofika ya vyeti vya siku mbili mbili, Mtaalamu akasema kwa utulivu kwamba viwili kati ya hivyo vilikuwa vya siku tatu. Mzee akaongeza hilo pembeni, kwa wino mwekundu. Ya Mkurugenzi ikasomwa. Mkurugenzi akasema ni kweli anahema, na ni kweli hatafakari, ila anaomba isitangazwe ghorofa ya chini. Ya biskuti mzee aliisahihisha kabla hajafika: alitoa nne, na mwandishi alikula mbili kabla mwenye nyumba hajaketi. Nimefikiria. Ni kweli.

Nikamwomba radhi Mkurugenzi. Nikamwomba radhi Mtaalamu, ambaye alisema hana kinyongo, tena kwa namna iliyoniuma kuliko kinyongo. Mzee nikashindwa hata kumtazama. Nikamwambia, macho yakiwa kwenye viatu vyake, kwamba barua haipo, haijawahi kuwapo, na nilimdanganya.

Akajibu kwamba alijua tangu Ijumaa iliyopita. Niliandika mwenyewe kwamba si Mkuu kwa barua. Jumamosi alinisubiri tu niseme.

Mkurugenzi akafunga faili. Akasema kwamba barua inakwenda kwa watu elfu moja na mia tatu, na katika miaka yote amepata uthibitisho wa mtu mmoja tu aliyeisoma mpaka mwisho, naye ameketi hapa. Kwa hiyo hanifukuzi. Nafasi amepewa Mtaalamu. Na mzee amepewa kazi ya kusahihisha barua, asubuhi mbili kwa wiki, kwenye meza iliyo pembeni yangu. Mzee alikubali kabla sentensi haijaisha.

Nikamsindikiza mpaka chini. Ghorofa ya kwanza alisimama, akatoa karatasi ya mwisho, ile yenye komenti ya shati. Haikuwa na alama nyekundu hata moja. Alisema aliitafutia kosa mara tatu. Kisha akasema binti yake aliisoma asubuhi akasimama jikoni mpaka chai ikapoa.

Nimemsikia vizuri alichosema baadaye, nakiandika kama kilivyo. Kwamba mdomo wangu hauamini hata kidogo, ila ninapodhani hakuna anayesoma huwa nasema kweli, na kwa mtu kama huyo kuna pa kuanzia. Harusi ni Juni. Lakini kwa sharti moja: nisifiche tena neno hata moja ndani ya barua. Likionekana moja tu, harusi inasogezwa mwaka mzima.

Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote, pale kwenye ngazi, na mtu wa mizigo akawa shahidi.

Jumamosi, 16 Machi

Nimevaa shati la bluu. Mchumba wangu amesema kola imekaa vibaya, kisha akainyoosha, kisha hakuondoa mkono. Akasema ningemuuliza mapema angeniambia kwamba cheo hakumwomba mtu. Nimefurahi mpaka nikasahau kula. Biskuti zilikuwa sita, na mzee alizihesabu kwa sauti.

Jumatatu, 18 Machi

Mzee ameripoti kazini saa moja na nusu. Mimi nilifika saa mbili na robo, akaandika.

Sina malalamiko. Ila ushauri wangu wa bawaba umerudi ukiwa mwekundu kama nyanya. Ameondoa neno "maridadi" mahali kumi na moja. Ameniuliza kama kuna mlango wowote duniani ambao mimi sioni kuwa ni maridadi. Mtaalamu, Mkuu wetu mpya, amecheka sana, halafu amemletea mto wa kiti. Sasa wanakunywa chai pamoja. Mimi naendelea kunakili.

Nimejikaza kisabuni na kufanya wema. Ile kompyuta yake kongwe imezimika moja kwa moja jana, hivyo nimemtengenezea barua pepe kwenye simu yake. Alilalamika kwamba mwanga unamchoma macho. Nikaigeuza nyeusi, herufi nyeupe, kama ya Mkurugenzi. Alifurahi kupita kiasi. Mkwe mwema hujulikana kwa vitu vidogo.

Jumatano, 20 Machi

Siku nzuri. Ya kihistoria, sitajizuia kusema.

Leo Mtaalamu amesifiwa tena kwa barua ambayo ni yangu. Mbele ya mzee! Na mzee akatikisa kichwa kukubali! Niliingia chooni nikanawa uso mara mbili.

Kiapo nimekishika, wala sikivunji. Komenti zote nimezifuta kwa mkono wangu, moja moja, na nimemwonyesha mzee. Hakuna kilichofichwa ndani ya msimbo. Lakini nikiwa nazifuta nimegundua jambo ambalo sijui lilikuwa wapi siku zote. Si lazima neno lifichwe. Unaliandika wazi, kama maneno mengine, ila unalitia rangi nyeupe. Ukurasa mweupe, herufi nyeupe. Nani atakayeona?

Nimeandika mistari minane chini ya picha ya dirisha. Mambo yaliyonijaa: nani hasa anatunga, nani anakunywa chai, nani amegeuza ofisi kuwa darasa, na ile sauti ya Mkurugenzi akifika ghorofa ya tatu. Nimetia jina langu. Mzee ameisahihisha nakala ya karatasi mchana, rula mkononi. Amepita juu ya mistari yote minane, ametia sahihi, ameniita mwanangu. Nilitaka kumkumbatia.

Nimeitazama tena kwenye kompyuta yangu kabla ya kuondoka. Nyeupe tupu, safi kama shuka. Kuanzia sasa, kwa amri ya Mkuu mpya, barua hutangulia kwa Mkurugenzi na kwa mzee, waipitie kwenye simu zao kabla haijaenda kwa wateja. Wataisoma kesho asubuhi, kila mmoja kwake. Kesho nitavaa lile shati la bluu.